Bibi Sufi na Dole Lake

Kabla ugonjwa haujaja, kikohozi cha Bibi Sufi kilikuwa ndicho kibao cha biashara yake. Mtu aliyetaka kujaziwa mto aliingia sokoni kwa lango la nyuma, akasimama, akatega sikio. Akisikia kho, kho-kho, kikavu na kifupi, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyetaka kumsumbua, alikata kulia kwenye wauza ndoo na kumkuta pale, nyuma ya meza yake, amekaa katikati ya manyoya meupe kama kuku aliyetaga mawingu.

Sufi, ile pamba ya mti wa msufi, haina uzito, na kitu kisicho na uzito huingia popote. Iliingia kwenye nywele zake, kwenye chai yake, na kwa miaka ishirini na tisa ilikuwa ikiingia kifuani mwake. Daktari mmoja wa zahanati alishampima zamani akamwambia ni vumbi tu, haliambukizi, wala haliui haraka.

"Basi linaua polepole," Bibi alimjibu. "Hakuna neno. Hata mimi sina haraka."

Kazi aliianza mwaka aliofiwa na mume, akiwa na binti mmoja wa shule na meza moja ambayo marehemu alikuwa ameipigilia kwa mkono wake. Alichambua sufi mbegu kwa mbegu, akaichapa kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ikafumuka, akaijaza kwenye mfuko wa kitambaa, kisha akachukua shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia, akafunga mdomo wa mto. Lakini hakufunga hivihivi. Walikuwapo wajazaji wengine mjini waliotia sufi juu na matambara chini, na mteja akaja kugundua usiku, shavu lake likiwa juu ya kipande cha suruali kuukuu. Bibi Sufi alimwita kila mteja, awe bwana harusi au mtoto aliyetumwa, akamwambia, "Tia mkono kwanza." Mteja akatia mkono mpaka kiwiko, akapapasa kona zote nne. Akitosheka, ndipo shazia ikashuka. Kwa miaka ishirini na tisa hakuwahi kufunga mto ambao mwenyewe hajauona ndani.

Jirani yake upande wa kushoto alikuwa fundi viatu, mzee mwenzake, mjane kama yeye, mwenye mdomo usiokaa na deni.

"Bibi, siku ukifa tutakuzika ndani ya mto," alimwambia karibu kila asubuhi.

"Na wewe tutakuzika pekupeku, maana viatu unavyoshona havifiki kaburini."

Wakacheka, wakaendelea na kazi. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha, na hakuna aliyekuwa anaomba mengine.

Kisha ugonjwa ukaja. Redio zikasema wazee wako hatarini. Zilisema vizuri, kwa sauti ya upole. Lakini hazikupita siku kumi, maneno yakageuka midomoni mwa watu bila mtu kuona yakigeuka: ikawa wazee ndio hatari. Mama mmoja aliyekuwa mteja wake tangu enzi za ujauzito wake wa kwanza alifika na mito miwili kwapani, akasikia kho, kho-kho, akavuta ukingo wa mtandio mpaka puani, akarudi alikotoka bila hata salamu. Muuza ndoo akasogeza ndoo zake hatua mbili. Bibi alifunga barakoa kama wengine, tena mbili, moja juu ya nyingine, lakini barakoa haizuii sauti. Kile kilichokuwa kikiwaita watu sasa kikawa kinawafukuza.

Kisha siku moja mwenyekiti wa soko alipita na kipaza sauti. Akatangaza kwamba wafanyabiashara wote wa miaka sitini kwenda juu wafunge, wakae nyumbani, kwa usalama wao wenyewe. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na tisa, na alikuwa nayo kwa mwaka wa nne mfululizo.

"Nikifunga nitakula nini?" Bibi alimuuliza.

"Mtaangaliwa, mama. Msiwe na wasiwasi."

"Kuangaliwa nakujua. Nimeangaliwa na wewe miaka sita na bati langu bado linavuja."

Watu walicheka chini ya barakoa zao. Mwenyekiti hakucheka. Alichukua daftari akaandika kitu.

Aliyekuja kumchukua alikuwa bintiye, ambaye mtaani kote aliitwa Mama Pacha kwa sababu ya wale mabinti zake wawili wa miaka kumi na miwili. Mama Pacha alikuwa msafishaji kwenye zahanati. Alikuwa ameona mambo. Alikuwa amepiga deki chini ya benchi ambalo asubuhi lilikaliwa na mzee anayehema kwa shida na saa nane likawa tupu, na tangu siku hiyo kila akisikia mama yake anakohoa aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Alijua ni vumbi. Alikuwa amelala kando ya kikohozi hicho utoto wake wote. Lakini hofu haina kumbukumbu nzuri.

Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Bibi akapewa cha ndani, pacha wakahamia sebuleni. Chakula kiliwekwa juu ya kigoda mlangoni. Mama Pacha aligonga mara mbili, akarudi nyuma hatua tatu, na Bibi akafungua akachukua sahani kama mfungwa mwenye bahati. Hakuna aliyemgusa. Miezi minne hakuna mkono wa mtu uliomgusa bega. Na jambo lililomchoma kuliko yote ni hili, ambalo kila mtu mle ndani aliliona na hakuna aliyelisema: aliyekuwa akienda kwa wagonjwa kila siku ni Mama Pacha. Aliyefungiwa ni Bibi.

"Mama, ni kwa ajili yako," bintiye alisema nyuma ya mlango.

"Kila anayeninyang'anya kitu siku hizi ananiambia ni kwa ajili yangu," Bibi akajibu. "Mbona hakuna anayeninyang'anya kitu kwa ajili yake?"

Mikono ilikuwa ya kwanza kuasi. Mikono iliyozoea kuchapa sufi kutwa nzima haikujua ifanye nini juu ya mapaja. Ikaanza kutetemeka. Basi Bibi akachukua mto wake mwenyewe, akaufumua mshono, akaitoa sufi yote juu ya kitanda, akaichambua, ingawa haikuwa na mbegu hata moja, akaijaza tena, akaufunga. Kesho yake akaufumua. Pacha walimchungulia kwenye dirisha la wavu.

"Bibi, unashona mto gani?"

"Huuhuu."

"Si uliumaliza jana?"

"Jana ulikuwa mbovu."

"Na juzi?"

"Juzi ndiyo usiseme."

Walicheka, naye akacheka nao, kisha akageukia ukutani ili wasimwone uso.

Wiki ya tatu akaja karani wa mtaa na fomu. Wazee wangeandikishwa wapewe unga na sabuni. Mama Pacha alikuwa anatoka kazini, amechoka, kabadili nguo uani kama kawaida yake, nywele bado zinachuruzika maji. Karani akauliza maswali kwa kasi, macho kwenye karatasi. Akataja umri, Mama Pacha akathibitisha. Akauliza kazi.

"Anajaza mito sokoni."

Karani akainua kalamu. "Sikiliza, dada yangu. Nikiandika ana kazi, jina linarudi. Unga ni wa wasio na kazi na wasiojiweza. Niandike nini?"

Mama Pacha alitazama mlango wa chumba cha ndani. Pale jikoni kulikuwa na debe la unga ambalo ukilipiga linalia. Akasema kwa sauti ya chini, "Andika hana."

"Anajiweza?"

"Andika hapana."

Kisha akagonga mlango. "Mama, toa mkono. Tia dole hapa, ni karatasi ya unga."

Bibi alikuwa katikati ya kufumua mto wake. Alipitisha mkono kwenye upenyo wa mlango, bintiye akaushika kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa, akalikandamiza dole gumba kwenye wino na kisha kwenye karatasi. Mlango ukafungwa. Huyu mwanamke ambaye hakuwahi kufunga hata mto wa mtoto mchanga bila mwenyewe kutia mkono, alikuwa ameifunga karatasi yake mwenyewe bila kuchungulia ndani. Wala hakuliwaza. Kilichokaa akilini mwake siku nzima ni kwamba mtu alikuwa amemshika mkono.

Unga ulikuja mara moja tu, una wadudu, pamoja na miche miwili ya sabuni.

Katika mwezi wa pili, mmoja wa pacha aliuliza dirishani, hana hili wala lile, "Bibi, kwani fundi viatu hakuwa na ndugu? Mama alisema walikuwa watu wanne tu makaburini."

Bibi aliiweka sufi chini. Alingoja mpaka sahani ya jioni ilipogongewa mlangoni.

"Fundi viatu amekufa lini?"

Mama Pacha alikuwa amesharudi nyuma hatua tatu.

"Mama, sikutaka presha ikupande."

"Nimekuuliza lini."

Ilikuwa wiki tatu zilizopita. Wanawe walikuwa wamemfungia chumbani kwake, wakawa wanampigia simu kila asubuhi kutoka huko waliko. Siku moja hakupokea. Wakadhani amelala. Siku ya pili ndipo jirani akavunja mlango. Zahanati walimpima, hakuwa na ugonjwa. Walisema ni moyo.

"Alikuwa na mtu wa kubishana naye?" Bibi aliuliza.

"Mama?"

"Huko chumbani. Kulikuwa na mtu wa kumjibu?"

Bibi hakufungua mlango usiku ule, na sahani ikapoa juu ya kigoda mpaka chungu wakaiona.

Mwezi wa nne kipaza sauti kikapita tena mitaani: masoko yote wazi, watu wote, rika zote, barakoa lazima. Bibi hakumngoja mtu. Bintiye alipokwisha kwenda kazini, alitoa shazia chini ya godoro, akaifunga kwenye ncha ya kanga, akatoka. Magoti yalikuwa yamesahau njia. Alipumzika mara mbili, mara moja kwenye ngazi ya duka lililofungwa, mara ya pili akijisingizia anafunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

Aliingia kwa lango la nyuma, akakata kulia.

Kibanda cha fundi viatu kilikuwa kimeshakuwa cha muuza vocha. Na juu ya meza yake, meza ile yenye alama kama ya kwato pale nyundo ya mumewe ilipokosea msumari, zilitandazwa barakoa za kila rangi, chupa za kitakasa mikono, na nyuma yake amekaa msichana mwembamba anayebonyeza simu.

"Shikamoo, bibi. Barakoa za watu wazima ni hizi za juu."

"Marahaba. Toka kwenye meza yangu."

Msichana alitazama huku na huku kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. Hakuwa na ubaya. Alisema alipewa nafasi na mjomba wake. Alipotaja mjomba, Bibi hakuhitaji kuuliza ni nani, kwa sababu mwenyekiti alikuwa tayari anakuja, faili kwapani, tabasamu limefika kabla ya miguu.

"Mama yetu! Afya inaendeleaje?"

"Afya yangu ina hasira. Nani kakaa hapa?"

Mwenyekiti alifungua faili polepole, akalamba kidole, akafunua. Kamati ilikuwa imekaa, alieleza. Ilipitisha kwamba nafasi za wazee ambao hawafanyi kazi tena wapewe vijana. Orodha ilitoka mtaani, si kwake. Akaigeuza karatasi imwelekee, akasoma kwa kipaza sauti cha kinywa chake mwenyewe, watu wakisogea.

"Kazi: hana. Anajiweza: hapana. Anatunzwa na: binti. Na dole hili hapa, mama. Au si lako?"

Lilikuwa lake. Katikati ya alama ya wino ulipita mstari mweupe, kovu ambalo shazia ilimwachia mwaka wa kwanza wa kazi. Hakuna binadamu mwingine mwenye dole lile. Bibi alilitazama kwa muda mrefu. Alitaka kutukana na matusi yalikuwapo, yamejipanga, lakini hakujua ampe nani kwanza. Kikohozi kikamshika, na watu walewale waliokuwa wakikifuata zamani wakarudi nyuma wote kwa pamoja, kama waliofundishwa.

Alirudi nyumbani. Alikaa sebuleni, kwenye kiti, si chumba cha ndani. Mama Pacha alipoingia uani na kuanza kuvua viatu, alisikia sauti.

"Njoo hivyohivyo."

"Mama, nimetoka zahanati, acha nioge kwa—"

"Njoo na uchafu wako. Mimi ni mtu asiye na kazi, asiyejiweza. Nitapoteza nini?"

Mama Pacha alisimama mlangoni. Alielewa mara moja.

"Nilikuwa naogopa, mama. Debe lilikuwa tupu. Karani alisema—"

"Karani sikumzaa mimi." Bibi hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Meza ile ndiyo iliyokulisha. Daftari zako zote za shule zilitoka kwenye sufi ile. Hata hicho kitambulisho cha kazi unachoning'iniza shingoni. Umekaa hapo mlangoni na mtu usiyemjua, mkanifuta, kisha ukanipa wino nijifute mwenyewe. Ugonjwa haukunigusa. Mlionigusa ni ninyi."

"Wazee walikuwa wanakufa, mama. Ungeona niliyoyaona mimi, na wewe ungenifungia."

"Walikufa. Fundi viatu alikufa. Nani alimfungia?"

Mama Pacha alikaa chini kwenye sakafu, na nguo za zahanati, kitu ambacho hakuwa amekifanya kwa miezi minne. Pacha walikuwa wametulia nyuma ya pazia. Bibi alimwacha alie mpaka akatosheka, kisha akasema, "Kesho utaomba ruhusa kazini. Utakuja kusema mbele ya wale watu yale uliyosema hapa mlangoni. Kwa sauti, si kama ulivyomnong'oneza karani."

Kesho yake wakaenda wote wawili. Bibi alibeba fimbo zake mbili na nusu gunia la sufi lililokuwa darini. Mama Pacha alibeba aibu yake, na ilionekana ndiyo nzito zaidi. Mbele ya wauza ndoo, muuza vocha, msichana wa barakoa na mwenyekiti, alisema, "Mama yangu hakusema hana kazi. Nilisema mimi. Nilidanganya kwa sababu ya unga."

Mwenyekiti alikunjua uso kama mtu aliyeletewa zawadi. "Kwa hiyo mlipokea unga wa wasiojiweza kwa uongo?"

"Tulipokea," Bibi akadakia. "Na tulikula pamoja na wadudu wake. Unataka nikurudishie wadudu?"

Muuza ndoo aliangua kicheko, akafuatwa na wengine, na safari hii hakuna aliyerudi nyuma. Mwenyekiti aliona watu wanazidi. Akabadili sauti, akawa mpole. Hakuna haja ya ugomvi, alisema, mama ni mama yetu sote. Akatuma iletwe fomu mpya, akaandika akiwa amesimama, akamsogezea kisahani cha wino. "Tia dole hapa, yaishe."

Bibi aliweka dole kwenye wino. Likawa jeusi, kovu likang'aa. Akalileta juu ya karatasi, akaliacha hewani.

"Soma."

"Ni maelezo yako tu, mama."

"Soma. Neno kwa neno. Na hawa wasikie."

Mwenyekiti akasoma. Umri. Kazi: mjazaji mito. Anajiweza: ndiyo. Hapo akafunga karatasi.

"Kuna mstari mmoja umebaki chini," alisema Mama Pacha, ambaye macho yake siku zote yaliwahi kuona hatari. "Usome na huo."

Mwenyekiti alimtazama vibaya, kisha akasoma haraka, kama anayemeza dawa. Mwombaji anakubali kuachia meza ya zamani na atasubiri nafasi nyingine itakapopatikana.

Bibi Sufi aliondoa mkono wake polepole. Akaufuta wino kwenye upindo wa kanga, ukaacha doa ambalo halikutoka tena.

"Humo ndani kuna matambara," alisema. "Sifungi."

Mwenyekiti akasema basi hana la kumsaidia, na kwamba akikaa njiani atawaita walinzi wamwondoe. Akaondoka na faili lake kuelekea ofisini. Bibi alitandika gunia kwenye njia, mbele kabisa ya meza yake, akaketi, akamwaga sufi, akashika fimbo mbili. Miezi minne ya kutetemeka ikaishia kwenye pigo la kwanza. Sufi ikaruka. Ilitua kwenye barakoa nyeusi, kwenye barakoa za bluu, kwenye chupa, mpaka msichana akaanza kuzipangusa moja moja, na zilipomshinda akazikusanya zote upande mmoja wa meza na kuuacha ule mwingine mtupu. Bibi aliuona upande ule mtupu. Hakuinuka. Nusu hakuiomba.

Kho, kho-kho.

"Mama, vuta barakoa juu kidogo," Mama Pacha alisema.

"Chukua chambua. Umekaa tu."

Mama Pacha alikaa kwenye ukingo wa gunia, bega lake likiugusa mkono wa mama yake, akaanza kutoa mbegu, jicho moja kwenye sufi, jingine kwenye mlango wa ofisi ya soko. Haukupita muda, kwenye lango la nyuma mwanamke mmoja alisimama na mito miwili kwapani. Alikuwa yuleyule wa mtandio. Alitega sikio, akasitasita, akakata kulia. Aliiweka mito chini bila kumtazama Bibi usoni, akasema imelala vibaya tangu siku zile.

Bibi hakumsalimia. Aliufumua mto wa kwanza, akatoa sufi iliyoshikana, akaichapa kwa nguvu kuliko ilivyohitaji, akaijaza. Mlango wa ofisi ulifunguliwa. Walinzi wawili wakatoka, mwenyekiti nyuma yao akiwaonyesha kwa kidole, na Mama Pacha akainuka kusimama.

"Kaa," Bibi alimwambia, bila kuinua kichwa. Akampelekea mteja mdomo wa mto, ukiwa bado wazi. "Tia mkono kwanza."